Nilivyokaa Mahali pa Odhiambo Kwenye Boti

Ninyi mnaonipata kwenye mashine ya kusaga mmeniuliza mara nyingi: Okoth, huko ziwani kulikuwaje? Mimi hujibu "kuzuri," halafu naangalia unga wangu unavyoshuka. Mnanijua. Maneno yangu hutoka polepole, na watu wakiwa wengi hayatoki kabisa. Kwa hiyo nimeandika. Pokezaneni msome, ila mtu asisome kwa sauti mimi nikiwa nimesimama hapo.

Kutoka Uriri hadi Rodi

Kwetu Uriri yuko mama, kisha Odhiambo kaka yangu mkubwa, kisha mimi, kisha Ouma. Baba alifariki. Odhiambo ana mke, Akinyi, na mtoto anayeanza kutambaa, lakini yeye mwenyewe yuko kisiwani Mfangano, anavua mbuta, yaani sangara. Kabla hajaenda huko, tulikuwa na mahindi ya kutosha na hatukuwa na sabuni. Sasa sabuni ipo, nyumba ya mama ina mabati, Ouma amevaa sare ya sekondari, lakini ghala ni tupu hata panya wamehama. Unga tunanunua kama watu wa mjini, na shamba liko hapo mlangoni.

Mwaka huu mama alisema hatununui tena. Tukalima. Akinyi alilima na mtoto mgongoni, Ouma alilima kabla ya shule na baada ya shule. Mvua ya kwanza ilipoanza kunukia, mama alipanda kipande chake. Baada ya hapo tukakaa kitako.

Wengine wenu si Wajaluo, basi nieleze. Kwetu kuna golo kodhi, yaani kutia mbegu ya kwanza ardhini, na mbegu hiyo ina foleni. Mwenye boma huanza, kisha mtoto mkubwa na mkewe, kisha anayemfuata. Mdogo akimruka mkubwa, ni kama amemtakia mabaya. Na Akinyi hawezi kuanza peke yake wakati mume wake ni mzima. Lazima mume awe amelala nyumbani, na mambo mengine ya hapo mimi siyaandiki.

Tulimpigia Odhiambo simu. Akasema, "Pandeni tu. Nimewaruhusu."

Mama akachukua simu. "Mwanangu, ardhi haipandwi kwa simu. Kama mtu anaweza kulala nyumbani kwa simu, mke wako angeshaniambia."

Akinyi aliingia jikoni akajifanya anatafuta kijiko. Mama alikata simu, akaniangalia mimi. "Wewe nenda ukamlete. Mvua ikipita hatujapanda, tutakula mabati."

Mimi nilikuwa sijawahi kupita Rongo. Nilisema sawa kwa sauti ndogo, lakini ndani yangu mtu alikuwa anacheza ngoma.

Jirani mwenye pikapu alikuwa anapeleka viazi vitamu Homa Bay, akanipandisha juu ya magunia. Upepo ulinipiga machoni mpaka nikalia, na nilikuwa nacheka. Miwa upande huu, miwa upande ule, halafu Rongo ikapita kama si kitu. Nilitaka pikapu isisimame kamwe.

Ilisimama Rodi. Ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe na fahali mmoja mweusi alisimama katikati ya barabara mbele yetu. Jirani alipiga honi. Fahali akaitazama honi. Mwenye kuuza na mwenye kununua walikuwa kando, kila mmoja amekunja mikono.

"Ondoeni huyu ng'ombe!" jirani akapaza sauti.

"Mwambie huyu aondoe, ni wake," akasema muuzaji.

"Bado si wangu," akasema mnunuzi. "Nikishika kamba nimekubali bei yake ya wizi."

"Basi mimi nikishika, nimekubali ya kwake."

Kamba ilikuwa chini, hakuna aliyeigusa. Magari yakapangana nyuma yetu mpaka huko mwisho. Nilishuka, nikanunua nyoyo, yaani githeri, kwa mama mmoja aliyekuwa ameweka sufuria kando ya barabara, mahindi na maharagwe yaliyoiva vizuri, na kitunguu juu. Aliangalia mfuko wangu.

"Ziwa, eh? Wote mnaenda ziwa. Kijana wangu pia alienda. Shamba nalima na nani, na hii sufuria?"

Nilitaka kumwambia kwamba mimi naenda kumtoa mtu huko, siendi kukaa. Lakini nyoyo ilikuwa mdomoni, na nilipomeza, alikuwa amegeukia mteja mwingine. Fahali naye alichoka kusimama, akajiondokea mwenyewe kuelekea kwenye majani. Bei sijui iliishia wapi.

Homa Bay, chini ya paa la Bwana Salim

Kule kuchelewa Rodi kulitufikisha Homa Bay pamoja na mvua. Ilikuwa mvua ile inayopiga chini halafu inaruka. Jirani alinishusha, akakimbiza viazi vyake sokoni, nami nikakimbilia kibaraza cha duka la vitambaa. Niliona ziwa kwa mara ya kwanza likiwa limefunikwa na mvua, la kijivu, na sikujua maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Nilisimama hapo mdomo wazi.

Mwenye duka alikuwa mzee wa makamo mwenye kofia ya kushonwa. Kiswahili chake kilikuwa laini kama kile cha redioni, nami nikazidi kuona haya.

"Karibu ndani, kijana. Mvua hii haina haraka. Wasafiri wapi?"

"Mfangano."

"Unakwenda kutafuta kazi ya uvuvi."

Safari hii nilijikaza. "Hapana. Naenda kumwita kaka yangu. Aje apande mahindi."

"Kwenu hakuna mtu wa kupanda?"

"Tuko. Lakini yeye ndiye mkubwa."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alinipa chai ya tangawizi na mahamri mawili, akakaa kwenye kigoda chake. Alisema jina lake ni Salim na kwao ni Malindi, na kwamba yuko Homa Bay tangu watoto wake wakiwa hawajazaliwa. Mkewe yuko huko na minazi yao.

"Kila mvua ikinyesha hapa, mimi hupiga simu kuuliza kama huko kwetu imenyesha," alisema. "Wao huniambia, Baba, hiyo yahusu nini nguo zako? Hawaelewi. Mtu akiwa mbali, hata mvua humpita."

Nilikunywa chai. Mvua ilipopungua alikata kipande cha karatasi ya nailoni, ile ya kufungia majora ya nguo, akanivisha kichwani kama mtandio wa mama mkwe.

"Mwambie kaka yako, Salim wa Homa Bay amesema arudi akapande. Hanijui, lakini mwambie."

Mbita na majini

Gari la kwenda Mbita lilikuwa zuri na halina hadithi. Hadithi iko kwenye boti.

Nilidhani boti huondoka ikifika saa yake. Kumbe huondoka ikishiba. Tulikaa gatini huku inalishwa: kreti za soda, magodoro, mifuko ya saruji, mabati, mbuzi wawili, kitanda cha mbao chenye maua yaliyochongwa. Kila nilipodhani imejaa, kilikuja kitu kingine kichwani mwa mtu. Nilikula samaki wa kukaanga na ugali wa mtama kwenye kibanda, na nilipomaliza, boti ilikuwa bado inakula.

Nilivalishwa jaketi la kujiokolea, nikakaa karibu na mama mmoja mnene mwenye beseni. Aliitwa Mama Atieno, muuza samaki wa huko Mfangano. Boti ilipong'oa nanga na injini ikaguruma, nilimshika mkono bila kumwomba ruhusa.

"Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu, "huu mkono nauhitaji. Shika mbao."

"Samahani, mama."

"Hujui maji?"

"Sijui."

"Na unaenda kuwa mvuvi. Mungu ana kazi."

Nikamweleza kama nilivyomweleza Bwana Salim. Watu wa nyuma wakasikia, na kabla hatujapita kisiwa cha Rusinga boti nzima ilikuwa inajadili shamba letu. Kijana wa kwenye injini alisema mila hizi ndizo zinatuletea njaa: mahindi hayajui nani alizaliwa kwanza. Mama Atieno akamjibu kwamba mahindi hayajui, lakini ndugu wanajua, na wewe usiyefuata foleni kwa mbegu utafuata foleni kwa kitu gani? Mzee mwenye mbuzi akasema kwao shemeji alipanda kabla ya wakati na mpaka leo hawasalimiani. Waliniuliza maswali, nami nikajibu yote. Labda ni kwa sababu nilikuwa naogopa maji kuliko watu.

Mawimbi yalikuwa yakipiga ubavu wa boti, na mimi nikapigwa usoni na maji nikayalamba. Nilishangaa hayana chumvi. Sijui kwa nini nilidhani yatakuwa na chumvi. Halafu milima ya Mfangano ikatoka majini, mikubwa, ya kijani, na nyumba zimeshikilia kwenye mteremko kama mbuzi. Nilisahau kuogopa.

Mfangano

Odhiambo alikuwa ufukweni anashona wavu. Alikuwa amekuwa mweusi na mwenye mabega. Aliponiona alitupa sindano ya wavu.

"Mama ni mzima?"

"Mzima."

"Mtoto?"

"Anatambaa. Amenituma nikulete."

"Nani, mtoto?"

"Mama."

Tulicheka, tukakumbatiana, akanipeleka kwenye chumba chake cha mabati kisicho na kitu ila godoro, jiko na redio. Nilishangaa. Sisi nyumbani tuna viti vya mbao na taa ya sola aliyotununulia yeye, na yeye anakalia ndoo iliyopinduliwa.

Nilimpa salamu zote, pamoja na za Salim wa Homa Bay. Akafungua mlango.

"Okoth, unaona wale?" Alinionyesha vijana waliokaa kwenye ukuta wa banda la samaki. "Wale wanangoja mtu aumwe tumbo. Nikitoka leo, kesho mmoja wao yuko kwenye boti yangu. Halafu karo ya Ouma itatoka kwa nani?"

"Na tusipopanda?"

"Nitanunua unga."

"Mama amekataa unga wa kununua."

"Mama anakataa unga, hakatai sukari."

Hatukugombana. Kwetu mdogo hagombani na mkubwa. Lakini wote wawili tuliona kwamba njia imezibwa pande zote. Akienda kupanda, nyumba inapoteza kazi. Akibaki, nyumba inapoteza mavuno, na si yake tu, yangu na ya Ouma pia, kwa maana sisi tuko nyuma yake.

Jioni alikuja Owino, mwenye boti, mwanamume mfupi mwenye sauti ya kuitia watu walio majini. Odhiambo alimweleza. Owino alisikiliza akikuna shingo.

"Omera, ndugu yangu, mimi sikatazi mtu kwenda kwao. Hata mimi nina mama. Lakini boti haingoji mtu. Nyavu zinataka mikono."

Nikasikia mtu anasema, "Nitakaa mimi." Wote wakaniangalia, ndipo nikajua ni mimi niliyesema.

Odhiambo alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyu? Owino, huyu hata mtoni kwetu nilikuwa namvusha mgongoni. Hajui kuogelea."

"Kuogelea hatuhitaji," Owino akasema. "Samaki ndio wanaogelea. Sisi tunavuta." Akanipima mikono kwa macho. "Unalima?"

"Nalima."

"Basi utavuta. Lakini ni mpaka kaka yako arudi. Na jaketi hulivui hata ukienda kujisaidia."

Asubuhi Odhiambo alipanda boti ya Mbita akiwa na samaki wa kukausha na dera jipya la Akinyi. Alikuwa anatabasamu peke yake kama mtu aliyepewa ruhusa shuleni.

Mahali pa Odhiambo

Kazi ni hii: jioni mnatupa nyavu, kukipambazuka mnazifuata. Mimi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukumba maji yanayoingia kwenye boti, kwa mtungi uliokatwa. Ya pili, kuvuta.

Siku ya kwanza wavu ulikuja mwepesi tu, gugu maji na vijiti. Halafu mkono wangu ukavutwa kutoka chini. Nilidhani umenasa kwenye jiwe. Jiwe likapiga mkia. Mbuta akatoka, mkubwa, wa fedha, na jicho la dhahabu, nami nikasimama wima nikapiga kelele kama niko kwenye mpira. Boti ikalala ubavu, maji yakaingia, Owino akanishika jaketi akanikalisha.

"Ja-Uriri! Huyu samaki anasalimiwa ukiwa umekaa!"

Kuanzia hapo jina langu likawa Ja-Uriri, mtu wa Uriri, na kila samaki aliponasa, mwenzetu wa tatu kwenye boti alikuwa ananiuliza, "Ja-Uriri, tusimame?" Hata ufukweni watu wasionijua waliniuliza kama nimekaa salama. Mimi ninayeona haya, nilikuwa nacheka nao. Mikono ilichubuka, mgongo uliuma, na kila asubuhi niliamka kabla sijaamshwa. Nilikula samaki kichwa na mkia. Mama Atieno alinipikia kwa nyanya na dania, akasema ananenepesha mtu wa shamba.

Kisha Odhiambo akapiga simu. Tulikuwa banda la samaki, watu wengi, na simu yangu inasikika hata usipotaka.

"Tumepanda," akasema. "Jana asubuhi, mimi na Akinyi. Na usiku mvua imeshuka juu yake."

Nilitaka kuruka. Ouma akamnyang'anya simu. "Sasa mimi nipande, si ndiyo? Nimeshakoroga mbegu na majivu."

"Panda," nikamwambia.

Nikasikia mama anauliza kwa mbali, "Apande vipi? Okoth amepanda?"

Hakuna mtu aliyekuwa amefikiria hilo. Si mama, si Odhiambo, si mimi. Tulikuwa tumemtazama mkubwa tu. Nina kipande changu pale nyuma ya zizi, nami niko kati ya Odhiambo na Ouma, na nilikuwa nimekaa Mfangano na harufu ya samaki.

Banda zima lilicheka. Mama Atieno alijifuta machozi kwa leso. Owino akasema, "Nyumba yenu ni kama wavu mbovu. Ukikwamua hapa, unakwama pale."

Kurudi

Odhiambo alirudi na kikapu cha viazi vitamu kwa ajili ya Owino. Mashavu yake yalikuwa yamejaa. Alinieleza mtoto alimlilia siku ya kwanza kama mgeni, na siku ya kuondoka akamlilia tena, lakini kwa namna nyingine.

Jioni hiyo Owino aliniita kando. Kijana wa boti ya shemeji yake alikuwa anahama.

"Umeshika kazi vizuri, ila kule kusimama. Nafasi ipo. Lakini unaijua boti."

"Haingoji mtu."

"Kumbe umejifunza."

Nilitaka. Nawaambieni ukweli, nilitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Niliona nikinunua godoro langu, nikimletea mama viatu, nikirudi hapa kwenye mashine ya kusaga na maneno mengi. Nilimwambia Odhiambo nitakaa msimu huu mmoja tu.

Alikuwa anapanga nyavu. Hakuinua uso. "Mimi pia nilisema msimu mmoja," akasema. "Mtoto alikuwa hajazaliwa."

"Unataka nisikae?"

"Mimi sikukatazi. Tukiwa wawili hapa, mabati yatakuwa mengi. Lakini Ouma ana mbegu mkononi, na mvua si mtu wa kubembelezwa. Ukikaa, mpigie wewe mwenyewe umwambie."

Nilishika simu. Niliitafuta namba, nikaitazama. Mimi si mtu wa kuongea, na hilo lilikuwa neno refu sana kumwambia mtu aliyelima kabla ya shule na baada ya shule. Nilimrudishia Owino jaketi lake. Alinipa mbuta wawili wa kukausha, wakubwa, na hakunikasirikia. Kesho yake, boti ilipokuwa inalishwa ili iende Mbita, niliona kijana mmoja ameshuka kwenye ule ukuta wa banda, amevaa jaketi, anaonyeshwa mtungi wa kukumba maji. Niliona wivu mpaka Rusinga.

Njia ya kurudi ilikuwa fupi. Sijui kwa nini njia za kurudi ni fupi. Homa Bay nilimpelekea Bwana Salim samaki mmoja, akauliza, "Amepanda?" Nikamjibu, "Amepanda. Sasa naenda mimi." Akafunga mikono kifuani, akasema Alhamdulillahi, kama mahindi yale ni yake.

Nilifika nyumbani mchana, mbingu nyeusi upande wa milimani. Mahindi ya Odhiambo yalikuwa yameshatoboa ardhi, mistari imenyooka. Mama hakuniuliza habari za safari. Alinipa bakuli la mbegu nikiwa bado na mfuko begani, na Akinyi akaniletea jembe. Ouma alikuwa ameshasimama kwenye mpaka wa kipande chake na sare ya shule, viatu mkononi, mbegu mfukoni.

"Shati lako linanuka samaki," akasema.

"Ngoja."

"Nimengoja sana. Fanya haraka, mvua hiyo."

Nikachimba, nikatia mbegu, nikafukia kwa mguu. Nikasonga, nikatia, nikafukia. Matone ya kwanza yalinipiga shingoni, makubwa, ya baridi. Nilipofika mwisho wa mstari niligeuka nikainua mkono kumwonyesha Ouma kwamba ni zamu yake, naye hakungoja niushushe.